Mgomba Uliozikwa kwa Jina Lako

Nyaishozi, Karagwe

Kaka yangu, uliyenitangulia mgongoni mwa mama,

Naanza na jambo ambalo huenda hakuna aliyekuambia: tumekuzika. Kaburi lako liko nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, pale tulipokuwa tukikaa mimi na wewe tukitafuna kahawa na kubishana. Ndani yake hamna mtu. Unaijua desturi ya ukoo wetu kwa mtu aliyefia mbali na mwili wake usionekane. Huchukuliwa mgomba, ukavikwa lubugo, lile vazi la gome walilovaa babu zetu, ukalazwa kaburini kama mtu na kuliliwa kwa jina lake. Nawe ulililiwa hivyo. Nililia pamoja nao, ingawa sikuamini.

Sina anwani yako, ndiyo maana naandika wazi. Kuna gazeti dogo ambalo vibarua wetu huvuka nalo mpaka kwenda Uganda kuchuma kahawa, na wakishalisoma hufungia chumvi. Mhariri amekubali kuichapa barua hii. Jina lako sitaliandika. Wengi wataisoma kabla yako, nivumilie. Ni wewe uliyesema kwamba wazo lisiloweza kusemwa mbele ya watu huenda halijafikiriwa vizuri.

Mimi sasa ni mwalimu wa darasa la pili. Watoto wananiita mwalimu, wakubwa wananiita binti wa katekista. Hakuna anayeniita mbishi wangu. Jioni narudi nyumbani na maneno mengi ambayo hayana pa kwenda, nayala pamoja na ndizi na maharage, nalala.

Unakumbuka ndizi za shimoni?

Mama alikuwa amefukia ndizi ziive kwa ajili ya kukamua rubisi, pombe yetu ya ndizi, na siku ya kufukua zikaonekana zimepungua. Shangazi, dada yake baba, alikuwa amekuja kusaidia kukamua. Akanishika mashavu kwa mikono miwili, akaninusa.

"Huyu hapa! Mdomo unanuka ndizi mbivu. Mwizi nimempata."

Nikaanza kulia. Wewe ulikuwa umerudi likizo kutoka seminari ndogo, umerefuka ghafla, kaptula imekuwa fupi. Ukasogea kwa adabu zote.

"Shikamoo tena, shangazi. Hebu na wewe pumua."

"Nipumue nini?"

"Pumua tu, tunuse."

Mama akageukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Siku ile nyumba nzima ilinuka ndizi mbivu, mpaka paka. Wewe ukachuchumaa kando ya shimo, na hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza maswali yako matatu. Ajabu iko wapi? Ni kitu gani, kama ni kweli, kingefanya isiwe ajabu tena? Na kitu hicho, kama ni kweli, kingetuachia nini kingine cha kuona?

Ukayatazama majani yaliyofunika shimo. Nyani angeyatawanya. Mwizi angeyarudisha hovyohovyo. Haya yalikuwa yamepangwa moja juu ya jingine, migongo juu, kama anavyopanga mtu mmoja tu katika boma letu.

"Mama," ukasema, "ulimpa nani?"

"Mke wa jirani kajifungua," mama akajibu bila kugeuka. "Mlitaka anywe maji matupu?"

"Sasa si ungesema, waitu!" shangazi akapiga makofi. "Nimemtukana mtoto wa watu bure."

"Umemtukana wewe. Mimi nilikuwa nachochea moto."

Tangu siku hiyo tukawa na mchezo. Mgomba ukianguka bila upepo, mbuzi wa jirani akirudi na tope upande mmoja, kengele ya kanisa ikichelewa, wewe ulisema tu, "Mbishi wangu, ajabu iko wapi?" nami nikaacha jembe. Mama alilalamika kwamba palizi inakwenda polepole kwa sababu magugu yote yanaulizwa maswali.

Ulipoingia seminari kuu ukaanza kusoma falsafa, mchezo wetu ukapata adui. Ulinifundisha likizoni yale uliyofundishwa, na ninashukuru, kwa maana hakuna shule ya wasichana ambayo ingenipa mambo hayo. Ulichuma jani bichi la mgomba, ukaandika kwa mwiba. Mwanzoni hakuna kinachoonekana, kisha utomvu unageuka rangi na herufi zinajitokeza taratibu, kama vile jani lenyewe limefikiri kwanza. Ukaandika: Kama mvua imenyesha, njia imelowa. Mvua imenyesha. Kwa hiyo njia imelowa.

"Hii haina ubishi," ukasema. "Sasa tuigeuze." Ukaandika chini yake: Kama mvua imenyesha, njia imelowa. Njia imelowa. Kwa hiyo mvua imenyesha.

"Hii nayo ni sawa," nikasema.

"Sio sawa. Pengine wanawake wamepita na mitungi inayovuja. Mwalimu wetu anasema ni kosa, na kosa hili lina jina lake kwa Kilatini."

Nikahuzunika, kwa sababu niliona mara moja kwamba mchezo wetu wote ulikuwa kosa hilo. Tulikuwa tukitoka kwenye njia iliyolowa tukirudi kwenye mvua. Majani yamepangwa vizuri, kwa hiyo mama. Wewe ukacheka kwa hasira, ile hasira yako ya kupanua pua.

"Lakini sikiliza. Anatuambia ni kosa, kisha anatazama dirishani, anaona njia imelowa, anachukua mwavuli. Kila siku! Padri mzima anaishi kwa kosa analolifuta ubaoni."

Likizo ile nzima ulijaribu kuipa njia hiyo sheria zake. Ulisema haitoshi kuiita kosa wala kuiita akili, lazima iandikwe, kama ile nyingine ilivyoandikwa. Tuliharibu migomba mingi. Ulisema kwanza liwepo jambo la kushangaza, maana asiyeshangaa hana anachokitafuta. Halafu zipangwe sababu zote zinazowezekana, sio ile tuipendayo peke yake. Kisha ichaguliwe ile inayoliondoa lile shangao bila kuomba msaada wa visa vingine. Na mbele ya hitimisho uliweka alama ndogo, nukta na mkia wake, iliyokuwa na maana ya "kwa sasa".

Alama hiyo ndiyo niliyoielewa kwa shida. Ulinieleza tukiwa tunaanika kahawa. Katika mantiki ya darasani, ulisema, ukishafika umefika. Ongeza habari nyingine elfu, hitimisho la jana halitikisiki. Lakini katika hii yetu habari moja tu ikiingia mlangoni inaweza kuangusha kila kitu, na aliyekuwa na haki ya kuamini jana hana haki hiyo leo, ingawa hakukosea jana wala hakosei leo.

"Basi haina faida," nikasema.

"Ndiyo tunayoishi nayo," ukasema. "Labda ndiyo sababu haina faida kuikataa."

Wakati huo nilidhani unabishana na vitabu. Ni likizo ya mwisho ndipo nilipoona unabishana na nini.

Kila mtu hapa anaijua habari ya homa yako. Ulikuwa mdogo, mimi sijazaliwa, ilikuwa kiangazi, na homa iliwachukua watoto katika nyumba za jirani. Wewe ulikuwa umeshanyamaza, macho yamepinduka. Baba akaweka nadhiri kwamba ukipona utakuwa padri. Ukapona. Tangu hapo hukuwa mtoto kama sisi. Ulipoimba, ni kwa sababu umeitwa. Ulipokaa kimya, ni kwa sababu umeitwa. Shangazi alikukatia nyama laini. Mimi nilikuonea wivu.

Tulikuwa tumekaa pale ambapo sasa ni kaburi lako. Mkononi ulikuwa na kile kikapu kidogo chenye kifuniko, cha kamwani, kahawa za kutafuna ambazo mama hukuchemshia na majani yake na kuzikausha kila unaposafiri. Ukanipa punje, ukajipa punje, kama anavyokaribishwa mgeni kwetu. Halafu ukaandika juu ya jani, polepole, na herufi zikajitokeza:

Kama Mungu amemwita mtoto, mtoto atapona. Mtoto amepona. Kwa hiyo Mungu amemwita.

Nilisoma.

"Unaona?" ukasema. "Ni njia iliyolowa. Mimi nimejengwa juu ya njia iliyolowa. Nikiulizwa kule kama nina wito, natafuta ndani yangu, nakuta homa na nadhiri ya baba."

"Lakini ulipona, kaka. Hilo ni ajabu."

"Ndiyo. Na kama nilipona tu?"

Ulilisema neno hilo la mwisho kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba maji katika nyumba ya watu. Mama akatuita tukale. Siku ya kuondoka uliufungua mkono wangu, ukaweka punje moja ya kahawa, ukaufunga.

Sasa nikueleze tulivyokuzika, kwa sababu hukuwapo.

Zilikuja habari kutoka seminari kwamba umeaga kwa heshima, umesema unarudi nyumbani, na umepanda lori la mizigo. Tulikungoja. Baba aliweka kiti chake mlangoni, akikaa hapo amevaa koti la kanisani. Hukufika. Ndipo baba mdogo akaenda kuulizia njiani, akarudi na sanduku lako la bati kichwani. Lilikutwa kwenye kibanda cha kivuko cha mto Kagera, na hakuna aliyeona nani aliliweka.

Lilifunguliwa mbele ya ukoo. Ilitolewa kanzu yako nyeupe, imekunjwa. Vilitolewa viatu vyako vyeusi. Vitabu vya Kilatini. Rozari. Mama alikikumbatia kiatu kimoja akaanza kilio, na kilio cha mama kikawa hukumu, kwa sababu baada yake hakuna aliyetaka kuonekana hana uchungu. Baba akasimama, akasema alivyoona. Ulikuwa na vumbi la safari, ukavua kanzu na viatu ili uoge, ukaingia mtoni, mto ukakuchukua. "Amekufa akiwa njiani kuja kwetu," akasema, "na kanzu yake imekunjwa vizuri."

Kaka, maelezo hayo si ya kijinga. Yanaeleza kanzu. Yanaeleza viatu. Mtu yeyote aliyeko kwenye majonzi angeyapokea. Lakini mimi nilikuwa nimeshafundishwa na wewe kuuliza swali la tatu, nikachuchumaa kando ya sanduku kama ulivyochuchumaa kando ya shimo la ndizi, na badala ya kutazama kilichomo nikatafuta kisichokuwamo.

Blanketi lako la kijivu halikuwamo. Kaptula na shati lako la kulimia havikuwamo. Kikapu cha kamwani hakikuwamo.

"Blanketi limeibiwa," akasema baba mdogo.

"Mwizi aache viatu vya ngozi?"

"Labda mwizi mwenyewe ana miguu mikubwa."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakajuta. Nikauliza, na kahawa? Nani huiba kahawa za kutafuna katika nchi ambayo kila nyumba inazo? Shangazi akasema labda ulikuwa unatafuna huku unaoga. Hapo nikaona kwamba maelezo ya baba hayawezi tena kusimama peke yake. Kila hatua yanahitaji mtu wa kuyashika mkono: mwizi, kisha mwizi asiyependa viatu, kisha muogaji mwenye kikapu. Na bado kuna jambo kubwa kuliko yote. Njia ya kuja kwetu haivuki mto. Pale njia panda, ya kwetu inakata kushoto. Anayenyoosha kwenda kivukoni anakwenda Uganda.

Yako maelezo mengine ambayo hayaombi msaada. Mtu anafika njia panda na anashindwa kukata kushoto. Anajua kwamba nyumbani kuna kiti mlangoni na mzee aliyevaa koti. Anavua kila kitu kinachomtambulisha kuwa mseminari, anakikunja kwa heshima kwa sababu hana ugomvi nacho, anakiacha mahali kitakapoonekana. Anachukua blanketi la kulalia, nguo za kazi, na kahawa za mama yake. Anavuka.

Niliyaona hayo yote kwa mara moja nikiwa nimechuchumaa, na furaha ilinipanda mpaka kooni: yu hai! Kisha furaha ikashuka, maana nilielewa sehemu ya pili. Yu hai, na ametuona kutoka njia panda, na hakuja.

Sikusema. Ningemwambia mama nini? Kati ya mto uliokuchukua na miguu yako mwenyewe iliyokuchukua, mama alikuwa ameshapewa mto, na mto hauna kosa. Ningempa nafuu au ningempa jeraha jipya? Na baba, alikuwa na mwana aliyekufa na kanzu yake. Nimpe mwana aliye hai asiyetaka kanzu? Nikabaki na wewe peke yangu. Watu waliomboleza pamoja, na kuomboleza pamoja kuna joto lake. Mimi nilikaa katikati yao nikikukosa wewe uliye hai, na kwa jambo hilo hakuna anayekuja kukaa nami kwenye majani ya matanga.

Siku ya maziko baba mdogo akaenda kuchukua mgomba. Vijana walitaka kuukata kwa panga, kama ilivyozoeleka, akawafokea.

"Mnazika mtu hana miguu? Huyu alikuwa msomi! Chimbeni, ng'oeni wote!"

Basi ukang'olewa pamoja na kisiki chake na udongo umening'inia, ukavikwa lubugo, mzito kuliko mtu. Padri hakuja, kwa sababu ya desturi yenyewe, lakini baba alisali kwa Kilatini alichokariri. Jirani yetu Mlutheri, yule anayeuza kahawa na ndugu zake wa kijiji cha Rugu, alishika ncha moja ya machela akanong'ona, "Waitu, marehemu amenenepa seminarini." Ungecheka. Nilitazama upande wako nikutafute tucheke wote, na huko kulikuwa na msalaba tu.

Kisha mvua zikaja, na kaburi lako likachipua.

Mama ndiye aliyeona. Alipiga vigelegele, jirani wakadhani kuna harusi. Kati ya mawe, chini ya msalaba, lilitokeza chipukizi, jani limejisokota kama sigara ya tumbaku yetu. Watu walikuja kutoka vilima vya mbali. Walipiga magoti. Wengine walichukua udongo. Yule Mlutheri alivua kofia akasema, "Hata sisi tumekuja kuona, msitufungie." Mama aliosha viatu vyako akavianika.

"Yu hai," mama alimwambia kila mtu. "Mwanangu yu hai, ameniletea salamu."

Fikiria hali yangu, kaka. Mimi niliyekuwa peke yangu kuamini u hai, sasa nimezungukwa na watu wote wanaoamini, na sikuweza kujiunga nao. Walikuwa wamefika nilipofika, lakini kwa njia ambayo sikuweza kuipita. Kama yu hai, kaburi litachipua. Limechipua. Kwa hiyo yu hai. Nilisikia jani likijiandika. Lingechipua hata kama ungekuwa chini ya mto, kwa sababu lilizikwa na kisiki, na kisiki cha mgomba kikipata mvua kinachipua hata ukikitupa jalalani.

Ningeliacha hivyo, maana mama alikuwa anakula tena. Ila baba naye aliusoma mgomba. Siku moja baada ya misa alisimama kaburini, watu wamejaa, akainua mikono.

"Mara ya kwanza Mungu alimtoa kwenye homa. Mara ya pili amemtoa kaburini. Nani sasa atasema hakuitwa? Atarudi, na atarudi na kanzu!"

Wakaitika amina. Niliona kwamba wanakujengea juu ya njia iliyolowa kwa mara ya pili, nyumba kubwa kuliko ya kwanza, na kwamba kama uko mahali ukipima kurudi, hiyo ndiyo nyumba utakayoikuta. Kwa hiyo nilimfuata mama jikoni alipokuwa anamenya ndizi. Yeye ndiye aliyeanza.

"Wewe msomi hujasema kitu. Tangu chipukizi litoke umekaa kama mgeni. Unasemaje?"

"Mama, yu hai. Hata mimi naamini."

"Ee! Kumbe."

"Lakini sio kwa sababu ya mgomba. Baba mdogo aliuzika na kisiki chake. Ulichipua tu."

Kisu kikasimama. Nilidhani atanifukuza. Nikamweleza njia panda, na blanketi, na kikapu chake cha kamwani. Alikisikia kikapu, akaweka mkono kinywani. Nikamweleza na ile homa, na swali uliloniuliza chini ya migomba. Nililisema kama ulivyolisema, kwa sauti ile ile ndogo.

Alimenya ndizi nzima kabla ya kujibu.

"Alichukua kahawa zangu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na viatu akaviacha. Aliniogopa mimi, au alimwogopa baba yake?"

"Aliogopa kwamba mtamwuliza kwa nini aliponywa."

Moshi ulikuwa mwingi, sikuuona uso wake vizuri. "Nilikuwa nimezika wengine wawili kabla ya homa ile," akasema. "Alipofumbua macho sikuuliza kwa nini. Baba yake ndiye aliyeuliza. Mimi nilimpa uji." Kisha akalitupa ganda kwenye rundo. "Mwandikie. Kama ulichipua tu, na alipona tu, basi arudi tu."

Hiyo ndiyo barua, kaka. Haya mengine nimeyaongeza kwa sababu nimekukosa.

Lakini sikuweza kuipeleka kwa mhariri bila baba kuijua. Nimemsomea yote, mpaka hapo juu, akiwa kwenye kile kiti chake. Hakulia, hakukasirika, hakuniita mwongo. Alinikatiza mara moja tu, pale penye homa yako.

"Haikuwa kiangazi," akasema. "Ilikuwa masika. Kijito kilikuwa kimejaa, watu walikataa kuvuka. Nilimfunga kichwani kwa nguo, nikaingia maji yakanifika hapa." Akaonyesha kidevu. "Zahanati ya misheni ilikuwa ng'ambo. Wenzetu walingoja maji yapungue."

Akasimama, akaingia ndani. Nimeliacha neno kiangazi kule juu vile vile ili uone nilivyoijua habari hiyo.

Nimekaa na neno hilo siku nyingi. Hatukulijua, wewe wala mimi. Tulikuwa na sababu mbili tu juu ya jani: aliitwa, au alipona tu. Kumbe ilikuwapo ya tatu, na baba, tuliyemdhania adui wa mantiki yetu, ndiye aliyeibeba kichwani, akainyamazia miaka yote, akampa Mungu sifa. Ulipona kwa sababu baba alikuvusha wakati wengine wanangoja maji. Naweka mbele yake ile nukta yenye mkia. Kwa sasa.

Mgomba wako unaendelea. Msalaba umeng'olewa, mama ndiye aliyeung'oa, anapalilia pale kama anavyopalilia pengine. Utatoa mkungu. Nimemwuliza tuufanyeje, akasema utakatwa na kupikwa, ni ndizi.

Nami jioni natoka shule, nakaa karibu nao, nacheza peke yangu. Nimejaribu kuuliza swali la tatu juu yako. Kama nimekosea, na mto ulikuchukua, sitapata jibu la barua hii. Kama nimepatia, na u hai lakini bado umesimama njia panda, huenda pia nisipate jibu. Ukimya unafuata kote kuwili, kwa hiyo ukimya hauniambii kitu, nami nausikiliza kila siku. Ni kitu kimoja tu kinachoweza kuzitenganisha sababu hizi mbili, na hakiko mikononi mwangu.

Kiti cha baba bado kiko mlangoni. Ila siku hizi anakikalia bila koti.

Nakutakia kazi nyepesi na blanketi lisilopitisha baridi, popote ulipo.

Ni mimi mdogo wako, mbishi wako, ambaye ile punje ya kahawa bado hajaitafuna.